Harambee Tunaijua, Siku 28 Hatuzijui

Najua mmezoea nikiwa hapa na kichekesho, mtu akiteleza na ndoo ya maji. Leo sina. Leo nataka kubishana na nyinyi, na itakuwa ndefu, kwa hivyo kama uko kwenye matatu tafuta kiti kwanza.

Hoja yangu ni hii. Sisi Wakenya tukisikia mtu ana kansa tunajua mambo mawili, kuchanga na kuzika. Hapo katikati hatuna mpango wowote. Na kuna kansa zingine ambazo karibu zote ni hapo katikati. Mtu anaishi nayo miaka mitano, minane, wengine kumi na zaidi, na miaka hiyo yote kuna mtu mwingine ndani ya nyumba, mara nyingi mke au mume, ambaye anabeba ule ugonjwa mgongoni bila jina lake kuwa kwenye faili ya hospitali, bila likizo, na bila mtu kumuuliza jana alilala saa ngapi.

Mzee wangu ana saratani ya nyuroendokrini. Ilianzia kwenye utumbo mdogo, na tulipoijua ilikuwa tayari imefika kwenye ini. Mathe ndiye mke. Wote wawili wamesoma hii kabla sijaiposti. Mzee alisema niondoe kitu kimoja, nimekiondoa. Mathe alisema niongeze kimoja, kiko huko chini.

Na kuna wale wataanza: wewe uliacha chuo mwaka wa pili, utatufunza nini kuhusu kansa? Sawa, niliacha. Lakini masaa nimekaa kwenye benchi za kliniki yanashinda yale nilikaa darasani, na nikisikia neno nisilolijua naenda nalo nyumbani nalitafuta mpaka linielewe.

Basi niwaeleze kidogo. Mwilini kuna seli zinazopokea ujumbe kutoka kwa neva halafu zinatoa homoni. Ziko kwenye utumbo, kwenye kongosho, kwenye mapafu, zimetawanyika. Zikigeuka kuwa kansa, nyingi (sio zote) zinakua polepole sana. Kule Munich mwaka wa 1907, daktari mmoja anayeitwa Siegfried Oberndorfer aliziita karsinoidi, yaani kitu kinachofanana na kansa, na hilo jina limesumbua watu mpaka leo kwa sababu mtu akilisikia anadhani ni kansa ya kuigiza. Si ya kuigiza. Ikishafika kwenye ini, homoni kama serotonini, ambazo kwa kawaida ini lingezivunjavunja, zinaingia kwenye damu zikiwa nzima. Hapo ndipo mtu anaanza kuendesha kila saa, uso unawaka moto, wengine wanapumua kwa shida, na kwa wengine hata valvu za moyo upande wa kulia zinaharibika.

Vitabu vinasema uso unakuwa mwekundu. Mzee wangu ni mweusi kama sufuria ya githeri. Nani angeona wekundu? Alikuwa anasema tu "uso wangu unachomeka" na kujipanguza na leso, na watu wanafikiri ni jua, kwa sababu kazi yake ni kuchomelea mageti na hiyo ni kazi ya moto. Alitibiwa amiba. Akatibiwa taifodi. Akatibiwa vidonda vya tumbo. Akarudishwa kwa amiba. Kliniki moja ilimpa dawa za minyoo mara tatu.

Aliyegundua kuna kitu ni mathe. Sio kwa sababu alisoma udaktari, ni kwa sababu anaishi na huyo mtu. Alinunua daftari la kurasa 48 akaanza kuandika: Jumapili, nyama choma na bia moja, uso umewaka dakika kumi, ameenda choo mara tisa. Jumatano, mboga na ugali kidogo, mara nne. Miezi mitano ya hayo. Siku alipolipeleka lile daftari kwa daktari mwingine, daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akanyamaza, halafu akaagiza skani. Sasa mniambie, huyo mwanamke ni "aliyemsindikiza mgonjwa"? Hiyo ndiyo lugha inayotumika pale mapokezini. Wewe ni nani? Mimi nimemsindikiza mgonjwa. Kama ni harusi.

Kwa hivyo mtu akiniambia mke au mume ni msaidizi tu, madaktari ndio wanatibu, nakataa. Huu ugonjwa daktari anauona dakika kumi na tano kwa mwezi. Masaa mengine yote mwenye macho ni yule wa kitandani pembeni.

Wagonjwa wa hii kansa duniani alama yao ni punda milia, na siku yao ni tarehe 10 Novemba. Inatokana na msemo wa madaktari wa Marekani, kwamba ukisikia kwato nyuma yako fikiria farasi, usifikirie punda milia, maana yake tafuta kwanza ugonjwa wa kawaida. Nilipomwelezea mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Sisi tunakaa Kitengela. Huku farasi utamwona wapi? Ukisikia kwato ni ng'ombe wa mtu, na ukienda kule uwandani ni punda milia kweli. Labda madaktari wetu wangekuwa wepesi kuigundua kama wangeacha huo msemo wa watu wa farasi.

Halafu kuna nyinyi wa "hata Steve Jobs na mabilioni yake alikufa." Nimeandikiwa hiyo kwenye maoni zaidi ya mara moja, na mtu anaiandika kama anatoa hekima. Steve Jobs alikuwa na hii familia ya kansa, uvimbe wa nyuroendokrini kwenye kongosho. Aretha Franklin pia. Jobs aligunduliwa mwaka wa 2003 na akafa Oktoba 2011. Hesabu hiyo miaka. Hapo katikati alifanyiwa upasuaji 2004, akatoa iPhone 2007, akabadilishwa ini 2009. Miaka minane. Mke wake alikuwa na kazi ya miaka minane. Hiyo ndiyo sehemu ya habari yake inayonihusu mimi, na hakuna mtu huwa anaitaja.

Sasa tuje kwa siku 28.

Matibabu ya mzee ni sindano inayoitwa oktreotaidi, ile ya kudumu mwezi. Inapunguza zile homoni na inaweza kuchelewesha uvimbe kukua. Inapigwa kwenye tako, kila baada ya siku 28, mwezi huu kulia, ujao kushoto. Mzee husema kalenda yake iko matakoni. Dawa inakaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, na haitakiwi kuganda. Inatolewa mapema ipate joto la chumba, nesi anaichanganya pale pale na kuipiga bila kuchelewa, kwa sababu ikikaa inaziba sindano. Sisi huinunua mjini kwa duka la dawa na kuibeba kwenye kikasha cha baridi mpaka hospitali. Nimebeba hicho kikasha kwenye matatu ya Kitengela nikiwa nimekipakata kama mtoto wa wiki moja, na kondakta akaniambia nikiweke chini. Nilimwambia hapa ndani kuna pesa kuliko hii gari imeingiza leo. Alidhani natania.

Siku 28 maana yake mwaka una sindano 13. Sio 12, ni 13, na hiyo moja ya ziada huwa inashtua watu wakipiga bajeti. SHA ilipoanza Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kilikuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka. Gawanya na 13. Unapata kama 42,300 kwa kila sindano, na hapo hujafanya skani hata moja, hujapima damu, hujamwona daktari. Sindano yenyewe, kwa bei tuliyolipa sisi, inapita hapo mbali. Mathe anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi na sisemi ni bure, ile pesa imetusaidia sana. Ninachosema ni kwamba kufika mwezi wa sita au wa saba imeisha, na kansa haijui mwaka wa fedha.

Ndipo tunaenda kwa watu. Tulifanya harambee moja, ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki, mtangazaji na kila kitu. Watu walitoa. Mungu awabariki, nasema hivyo bila kejeli. Ile pesa ilinunua sindano mbili na skani. Halafu ikafika mwezi wa nne baada ya harambee, mzee anaonekana kwenye kibanda chake anachomelea geti, amevaa miwani yake, anapiga stori na vijana. Zikaanza. "Kwani ile kansa iliisha?" "Si tulichanga?" Shangazi yangu mmoja, ambaye nampenda, aliuliza mbele ya watu ile pesa mathe aliiweka wapi.

Hapa ndipo nawalaumu, na sitapunguza makali. Tunataka mgonjwa wa kansa akae vile tumemwona kwenye filamu, kipara, amekonda, yuko kitandani. Akiwa anaweza kusimama tunajisikia tumeibiwa. Mzee anasimama kwa sababu ile sindano inafanya kazi. Wiki ya kwanza mpaka ya tatu yuko sawa. Wiki ya nne dawa inaanza kuisha nguvu na choo kinarudi, na hiyo wiki hamumwoni kwa sababu hatoki. Aliyemwona akisimama hakumwona mathe saa tisa usiku akifua shuka.

Kuhusu choo niseme, hata kama mnakula. Tulikuwa tunakaa kwenye ploti ya vyumba 12 na vyoo viwili nje. Mwanaume wa miaka 54 anayeenda choo mara nane usiku, na funguo iko kwa jirani. Mathe alikuwa anaamka naye kila mara, anashika tochi, anasimama pale nje kwa baridi ili mzee asiaibike peke yake watu wakipita. Mwishowe tukahamia nyumba yenye choo ndani, kodi ikapanda karibu mara mbili. Hakuna harambee utasimama useme "tunachangia choo". Lakini hiyo ndiyo iliyomrudishia mzee heshima yake, kuliko kitu kingine chochote tulichonunua isipokuwa dawa.

Na kuna ile wiki ya mkojo. Kuna kipimo kinataka mkojo wa masaa 24, wote, kwenye mtungi mmoja, ukae baridi. Siku chache kabla yake mgonjwa haruhusiwi vyakula vinavyovuruga majibu: ndizi, nanasi, avokado, nyanya. Nyanya! Wewe jaribu kupika Kenya bila nyanya. Mathe alipika kabichi kwa vitunguu na karoti siku tatu na nyumba nzima tukala hiyo, kwa sababu alikataa mzee akae mezani peke yake na sahani tofauti. Halafu mtungi ukakaa kwenye friji karibu na maziwa, umefungwa kwa karatasi ya nailoni mara mbili, umeandikwa kwa kalamu nyekundu USIGUSE. Binamu yangu alikuja kututembelea hiyo siku na kiu. Sitasema zaidi, isipokuwa alisoma yale maandishi kwa wakati.

Sasa kazi. Mathe ni fundi wa cherehani kwenye kiwanda cha nguo huko Athi River, analaini na ana tageti ya siku. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Inampa siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba kwa nusu mshahara, akiwa mgonjwa yeye mwenyewe. Wanaume wanapata wiki mbili mtoto akizaliwa. Ukitafuta siku ya kumpeleka mume au mke wako anayeugua hospitali, haiko. Hata likizo ya kuzika haiko kwenye hiyo sheria, ni hisani ya mwajiri. Kwa hivyo piga hesabu: sindano 13, ongeza siku za skani, siku za kuona daktari, siku ile unaambiwa mashine imeharibika rudi kesho. Zile siku 21 zimeisha, na mathe hajapumzika hata moja. Likizo yake yote ya mwaka jana aliimaliza kwenye viti vya chuma. Msimamizi wake alimwambia, "Mama, kwani huyo bwana hana ndugu?"

Wengine mtasema waajiri watafilisika kila mtu akipewa ruhusa. Uingereza walipitisha sheria ya likizo ya walezi mwaka wa 2023, ikaanza kutumika Aprili 2024. Wiki moja kwa mwaka, tena bila malipo. Ni ndogo sana kusema kweli, na bila malipo sisi tungeumia. Lakini kuna kitu kimoja inafanya: unaenda na kurudi ukapata cherehani yako bado iko. Mathe angeichukua leo hii. Kila mara akiomba ruhusa haogopi kukatwa pesa peke yake, anaogopa kupata mtu ameketi kwenye kiti chake. Mbunge yeyote anayesoma kurasa za vijana wasio na kazi, kama tunavyoitwa, hii hapa nakupa bure, ni marekebisho ya kifungu kimoja tu.

Nimetaja ndugu, nimalizie hapo. Nimeona wanaume wawili pale kliniki wanaowaleta wake zao. Manesi wanawapenda, wagonjwa wengine wanawapisha foleni, mama mmoja alimwambia mmoja wao "wewe ni malaika." Wanastahili, kweli. Lakini sijasikia mtu akimwita mathe malaika. Yeye akichelewa anaulizwa kwa nini amechelewa. Akiongea kwa ukali anaambiwa amekuwa mkali siku hizi. Akikaa kimya wanasema ana kiburi. Mke kumuuguza mume inahesabiwa kama kupika chai, kitu kinachotarajiwa. Na mkisema aliapa, katika shida na raha, ni kweli aliapa. Nimeangalia ile video ya harusi yao. Nyinyi pia mlikuwa pale mkipiga vigelegele, hakuna aliyesema kiapo kikishaisha mashahidi waende kabisa.

Hiki ndicho mathe alisema niongeze, kwa maneno yake: "Waambie sijachoka na yeye. Nimechoka na kazi. Ni vitu viwili, wasivichanganye." Kwa sababu kila mara akisema amechoka kuna mtu anakimbia kwa mzee kumwambia bibi yako ameanza kuchoka na wewe, na mzee anakaa siku mbili bila kuomba hata maji ili asisumbue. Mkiwa mnafanya hivyo mnamgonga mgonjwa pia.

Hapa sasa ndio kitu ninachotaka. Sitaki harambee nyingine, angalau sio sai. Nimechukua karatasi nikachora mistari 13, kila mstari ni sindano moja na tarehe yake, mwaka mzima. Ni kama chama, ule mzunguko, ila badala ya kuweka pesa unaweka siku. Unachukua siku moja tu kwa mwaka. Hiyo siku unamchukua mzee asubuhi, unapitia dawa na kikasha, unapanga foleni, unasubiri, unamrudisha, na mathe anaenda kazini kama watu wengine au analala. Basi. Mtu mwenye gari atumie gari, asiye na gari matatu ipo. Ukiwa na pesa ya kuongezea weka, ukiwa huna siku yenyewe inatosha. Upande wa baba peke yake tuna watu wazima 19 kati ya Nairobi, Machakos na Kiambu. Nimewahesabu kwa majina. Kumi na tisa, siku 13, hata wanabaki sita wa kupumzika.

Daktari ametaja pia matibabu ya lutetiamu, dawa yenye mnunurisho inayopita kwenye damu kwenda kutafuta zile seli zenyewe. Marekani waliiidhinisha 2018, ni dozi nne, kila moja wiki nane baada ya nyingine. Baada ya dozi mgonjwa analala chumba chake kwa siku kadhaa na hakumbatiwi ovyo na watoto. Hatujui kama tutafika huko, bei yake ni habari nyingine. Mathe alipoambiwa hiyo ya kulala mbali hakuuliza bei kwanza. Aliuliza usiku akiitwa atamsikiaje akiwa chumba kingine. Mzee akamwambia, "Mama Brayo, hizo siku ndio utalala." Daktari akacheka, mathe hakucheka.

Ile karatasi ya mistari 13 niliipiga picha nikaiweka kwenye grupu ya familia wiki jana. Majina saba yameingia. Shangazi yule wa kuuliza pesa iko wapi amechukua mwezi wa tatu, na ameandika kwa herufi kubwa, kwa hivyo hajakasirika sana. Sita bado ziko wazi, na Agosti haina mtu kabisa. Binamu zangu mnaosoma hapa na kujifanya hamjaona kwenye grupu, nawaona.

Sindano ijayo ni Alhamisi na hiyo ni yangu mimi. Hakuna video Alhamisi, msinijazie inboksi. Ijumaa nitakuwa hewani na ile ndoo.